Kambi Iliyohama kwa Ajili ya Lokwang

Tulimzika Kapteni Nekesa kijijini kwao, nje kidogo ya Bungoma, siku ya manyunyu ambayo hayakutaka kuwa mvua wala kuacha. Msoma wasifu alitaja shule alizopitia, kwaya ya kanisa, miaka ya kurusha ndege za mizigo, na maradhi yaliyomlaza muda mrefu. Lodwar haikutajwa. Nilisimama nyuma kabisa, viatu vyangu vya mjini vikizama polepole kwenye matope, nikiwaza jinsi mwanamke aliyewahi kuanguka kutoka angani akainuka alivyokuja kushindwa na kitanda. Waombolezaji walipoelekea kwenye chakula nilijificha ndani ya gari nikampigia Ekidor, ambaye siku hizi ana kibanda cha mabati mjini Lodwar, anauza unga na sukari na kuwachajia watu simu.

“Ejok, Ekidor.”

“Ejok noi, Mwalimu.” Sijawahi kuwa mwalimu. Nitaeleza.

“Kapteni ametuacha.”

Nyuma yake nilimsikia mteja akiuliza kama simu yake imejaa.

“Alikufa ndani ya nyumba?”

“Hospitalini.”

“Na hospitali imehama?”

“Hospitali haihami, Ekidor.”

“Ndiyo maana watu wanakufa huko kila siku,” akasema, kisha akaniambia ana mteja, akakata.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya falsafa, ambayo ni njia ndefu ya kusema sikuwa na kazi. Kampuni ndogo iliyokwisha kufa, na ambayo sitaisumbua kaburini kwa kuitaja, ilikuwa ikijenga ndege nyepesi ya viti viwili, ya kunyunyizia nzige dawa na kuhesabu mifugo kutoka juu. Kabla ndege ya namna hiyo haijauzwa, lazima mtu mmoja aipeleke juu na kuiharibia safari kwa makusudi. Aizimishe mwendo, aiache izunguke ikianguka kama pia, halafu athibitishe kwamba inaweza kuzinduka. Mtu huyo ni rubani wa majaribio, na kwetu alikuwa Kapteni Nekesa. Ndege isipozinduka, inabidi naye awe na njia ya kutoka. Njia hiyo ndiyo iliyotupeleka Turkana. Ilikuwa roketi ndogo, unene wa chupa ya soda, iliyofungwa nyuma ya kiti. Rubani akivuta mpini mwekundu uliokuwa kati ya magoti yake, kioo cha juu kinang'oka, roketi inaruka na kumvuta kwa mikanda ya mabegani kama mama amtoavyo mtoto kwenye beseni, kisha parachuti inafunguka. Hivyo ndivyo ilivyochorwa. Kazi yetu ilikuwa kujua kama roketi na parachuti nazo zimeuona mchoro. Tukachagua uwanda ulio kati ya Lodwar na Kakuma kwa sababu, kama alivyosema Injinia Kamande, mkuu wa kambi, huko hakuna kitu. Neno hilo nililisikia mara nyingi mwaka ule, na kila mara kulikuwa na watu wamesimama karibu wakilisikiliza.

Mimi niliajiriwa kama Afisa wa Uhusiano na Jamii. Sikujua Kiturkana hata cha kuomba maji. Kwa hiyo niliajiriwa mimi, kisha akaajiriwa Ekidor ili aniwezeshe kufanya kazi niliyoajiriwa. Alikuwa kijana wa rika langu, mrefu, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likipasua mawe. Nilikuwa nikisimama mbele ya wazee na kina mama na kuhutubia kwa Kiswahili cha redio, na Ekidor akishatafsiri, hotuba yangu ndefu ilikuwa imegeuka sentensi mbili na watu wanacheka. Sikuwahi kujua wanacheka nini. Kwa sababu ya hotuba hizo waliniita Mwalimu, na nadhani haikuwa sifa.

Tulianza na lori. Kipande cha mbele cha ndege kilifungwa juu ya lori kuukuu, sanamu yenye uzito wa mtu ikaketishwa ndani, na dereva akaamriwa akimbie uwandani kwa kasi yote aliyokuwa nayo huku Kamande akifyatua roketi kwa waya. Sanamu iliruka juu ya vumbi, parachuti ikafunguka, na mbuzi wa eneo zima wakakimbilia upande wa Kakuma. Habari zilikimbia pamoja nao. Jumamosi tulizoea kwenda Kakuma kula kwenye hoteli ya Mhabeshi mmoja ndani ya kambi ya wakimbizi, chumba cha mabati kilichopakwa rangi ya kijani, chenye feni iliyosogeza joto kutoka meza hii hadi ile. Tulikula injera na nyama ya mbuzi yenye pilipili, tukisikiliza meza za jirani, Kisomali upande huu, Kiarabu cha Juba upande ule. Siku moja mchungaji wa kanisa, Mkongo aliyekuwa akinywa chai peke yake alishindwa kuvumilia, akavuta kiti.

“Baba, mutusamehe. Ni kweli ile ndeke yenu inapandaka mu camion?”

“Ni kweli, inapanda lori, Mchungaji,” Nekesa akajibu.

“Na munarusha batu juu, kisha munaenda kubaokota?”

“Si watu. Ni sanamu.”

Mchungaji akafikiri. “Na kisha sanamu, atafuata nani?”

“Mimi,” Nekesa akasema, akachovya injera yake.

Mchungaji akamwita mhudumu, akamwambia amwongezee mama huyu nyama.

Nekesa alikuwa na umri wa kutuzidi kidogo, mfupi, mpana wa mabega, mwenye mazoea ya kula akiwa amesimama. Sanamu zote zilijazwa mchanga hadi zilingane naye kwa uzito, na hilo lilikuwa mzaha wa kila mlo. “Leo nimekula chapati nyingi,” alikuwa akimpigia Ekidor kelele, “kamwongezee mwenzangu mchanga!” Sanamu iliyopendwa kuliko zote ilivalishwa ovaroli yake ya zamani, iliyofuliwa mpaka ikawa nyeupe, na vijana wa kambi wakaipa jina Lokwang kwa weupe huo. Lokwang alisalimiwa asubuhi. Lokwang aliwekewa kofia. Lori lilipommwaga, walimkung'uta vumbi na kumpa pole. Nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa kuhusu nafsi na mwili, na nilijiona nina la kusema juu ya jambo hilo, lakini hakuna aliyeniuliza.

Tulipoanza kumrusha Lokwang angani, Nekesa mbele akiendesha na sanamu nyuma yake, upepo ulimchukua mbali na alama zetu. Tulimkuta mchana, ameegemezwa kwenye kivuli cha mti wa miiba, uso umefutwa, na kibuyu cha maziwa kimewekwa mapajani mwake. Kina mama waliokuwa wakichota maji kwenye laga, ule mto wa mchanga usio na maji juu, walikuwa wamemwona akianguka, wakamvuta kivulini wakamngoja aamke. Tulicheka mpaka tukaketi chini. Kamande hakucheka. Kifuani mwa Lokwang kulikuwa na vyombo vya kupimia mshtuko, na mgongoni huenda roketi ikabaki na moto. Akanituma niwaelimishe watu. Nikaelimisha. Boma baada ya boma, kisima baada ya kisima, nilisimama na Ekidor wangu nikasema: mkiona mtu anaanguka kutoka juu, huyo si mtu. Msimguse. Msimpe maji. Hata akionekana kama mtu, msimkaribie, tuachieni sisi. Katika maisha yangu yote ya kuandika na kusema mbele za watu, sijawahi tena kueleweka vizuri namna ile.

Lokwang alikufa asubuhi moja isiyo na upepo. Tuliona kioo kikiruka, roketi ikimchomoa, parachuti ikitoka, lakini ikabaki imenyooka juu yake kama kitambaa kilichokamuliwa. Alishuka moja kwa moja. Mlio wake ulitufikia baadaye kidogo, mdogo kuliko nilivyotarajia. Ekidor na mimi ndio tuliokwenda kumchukua. Ovaroli ilikuwa imepasuka, mchanga wake umemwagika juu ya mchanga mwingine na haukujulikana tena upi ni upi. Nilianza kukusanya vipande nivitie nyuma ya gari, palipokuwa na gunia la unga na mguu wa mbuzi wa chakula cha mchana. Ekidor hakuja. Nilipogeuka nilimwona amevua ile kofia.

“Hapana weka hapo,” akasema. “Hapo iko chakula.”

“Ekidor, ni sanamu.”

“Iko chakula, Mwalimu.”

Tukavua vile vyombo vya kupimia na ile parachuti, nikavipakata mimi mwenyewe. Kilichobaki, yeye na wenzake waliotufuata kwa miguu walikifunika kwa mawe. Tulirudi kambini, na kabla hatujaosha mikono akamwendea Kamande aliyekuwa mezani chini ya turubai.

“Injinia, kambi ihame.”

Kamande alifikiri amesikia vibaya. Ekidor akaeleza bila haraka, kama anayemweleza mgeni mahali choo kilipo. Mtu akifa, boma halibaki pale pale. Watu wanahama. Si lazima mbali, hata ng'ambo ya laga inatosha, lakini wanahama. Asiyehama amesema kwamba hakuna aliyekufa.

“Hakuna aliyekufa!” Kamande akasema. “Ni gunia la mchanga, bwana!”

“Gunia ilikuwa na jina.”

“Mlilipa jina nyinyi.”

“Sisi tulimpa jina. Nyinyi mlimpa nguo ya Kapteni.”

Sitaki Kamande aonekane mtu mbaya. Alikuwa mhandisi mzuri aliyechoka. Wenye fedha walikuwa wanakuja kuona ndege ikizungushwa na kuzinduka, na wasipoiona, kampuni ingefungwa na sisi sote tungerudi kwa mama zetu. Kuhamisha kambi kulimaanisha mahema, jenereta, matangi ya maji, na lile kontena la chuma lililobeba kila kitu chetu cha thamani. Alisema kilichotokea ni dosari ndogo, parachuti moja katika nyingi, ataikagua hiyo moja, na wiki inayofuata Kapteni ataanza kuruka. Hapo ndipo Nekesa, aliyekuwa amesimama kwenye nguzo ya turubai na chapati mkononi, aliposema.

“Injinia. Kama leo ningekuwa mimi, ungehama?”

Jenereta ilinguruma. Mtu alifunika sufuria.

“Hilo si swali la kihandisi,” Kamande akasema.

“Najua.” Akanigeukia mimi. “Na wewe, mwanafalsafa?”

Nikaanza kusema kwamba inategemea tunakuelewaje kuhama. Nakumbuka uso wake nilipokuwa nikiongea. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu aangaliavyo gari bovu ambalo hata hivyo hakutarajia liwake. Aliweka chapati mezani bila kuimaliza, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. “Basi mimi sipandi,” akasema. “Siku mtakayohama kwa ajili ya huyo aliyevaa nguo yangu, nitajua mnaweza kuhama.” Akaingia hemani mwake. Vijana wa kambi, bila kuambiwa na mtu, wakaanza kung'oa vigingi vya mahema.

Tulihamia ng'ambo ya laga, umbali ambao ungeweza kumrushia mtu kandambili ikamfikia. Kamande alisimamia kazi hiyo kwa midomo iliyokazwa. Kontena lilikuwa zito kupita kiasi, ikabidi tutoe kila kitu kwanza, na ndani yake palikuwa tanuri. Mikono yetu iliungua kwenye chuma. Parachuti zilitolewa mwisho, kwenye vifuko vyake, zikapangwa juu ya mkeka, na kifuko kimoja kikafunguka kwa kuburutwa. Kamande aliinama kukifunga, akabaki ameinama. Kamba za parachuti hukunjwa na kushikwa mafungu mafungu kwa mipira ya kufungia, ile ya kawaida kabisa, inayotakiwa kukatika au kuachia zikivutwa. Kwa joto la lile kontena mipira ilikuwa imeyeyuka ikawa ulimbo, na kamba zimegandamana kama tambi zilizolala. Alifungua kifuko cha pili. Alifungua vyote. Mwishowe aliketi juu ya sanduku, vidole vyake vimenata vyeusi, akamwita Nekesa.

“Ningekuua,” akamwambia.

Nekesa alizitazama kamba. “Chai iko tayari,” akasema. “Njoo unywe.”

Kuna watu niliowasimulia habari hii mjini ambao hufika hapa wakashusha pumzi na kusema, unaona, wazee wetu walijua. Niliwahi kumwambia Ekidor hivyo. Alikasirika. “Mimi nilijua nini kuhusu mpira?” akasema. “Mimi nilitaka tuhame.” Tangu siku ile parachuti zilikaa kwenye kibanda cha makuti ya mkoma, kivulini, na upepo ukipita. Sanamu zilizofuata zilishuka salama zote. Hazikupewa majina. Ekidor alikataa.

Nekesa akaanza kuizungusha ndege. Kutoka chini ilikuwa kama kumtazama mtu akijaribu kuzama kisha akibadili nia. Inakuwa juu, inatulia, inalala ubavu, inaanza kuzunguka, na wewe unashikilia pumzi yako kana kwamba ndiyo inayoibeba, halafu pua inainuka na inaondoka zake. Siku ambayo haikuinuka, nilikuwa na darubini. Ilizunguka, ikaendelea kuzunguka, na Kamande karibu yangu akawa anasema kwa sauti ya chini, toka, toka, toka, kama anayemwita kuku bandani. Kisha cheche ndogo, na kitu cheupe kikachanua. Kamande akaketi chini mavumbini akajifunika uso. Ndege iliendelea na safari yake peke yake, ikatoboa uwanda. Upepo ulimchukua Nekesa nyuma ya kilima, upande wa Kakuma, na sisi tukarukia gari.

Yaliyotokea huko niliyapata kwa Ekidor, aliyeyapata kwa kina mama wenyewe, ambao hadi leo, anasema, huyasimulia kwa kupokezana. Nekesa alitua karibu na visima vya mchanga, mguu ukavunjika. Kina mama wale wale wa kibuyu cha maziwa waliinua macho, wakamwona, wakaendelea kuchota maji.

“Ejok!” akawaita.

Wakatazamana. “Leo wameiweka redio ndani,” mmoja akasema.

“Mama, maji! Naomba maji!”

“Redio nzuri,” akasema mwingine. “Inajua Kiswahili.”

Nekesa akawatukana kwa Kibukusu. Wakakubaliana kwamba sasa imebadilisha stesheni. Kisha maumivu yakamzidi, akalia, na mama mmoja mzee mwenye shanga hadi kidevuni akasogea na kata yake. Wenzake wakamzuia: Mwalimu alisema hizi hazipewi maji. “Mwalimu alisema,” mama akajibu, “lakini Mwalimu hajawahi kuiona ikilia.” Akamdondoshea matone mdomoni, ajaribu. Redio ikanywa.

Tulipofika, kichwa cha Nekesa kilikuwa kwenye mapaja ya yule mama, na wengine wamemfanyia kivuli kwa parachuti. Alinitazama kwa jicho moja, la pili limejaa mchanga.

“Mwanafalsafa,” akasema, “uliwaelimisha vizuri sana.”

Kampuni haikuumaliza mwaka. Wenye fedha walitaka kuona ndege ikizinduka, si rubani. Mabati ya ndege yaliishia Kakuma, na nimewahi kula kwenye ile hoteli ya kijani nikishuku sinia langu. Kamande alikwenda nje ya nchi. Nekesa alipona, akatembea kwa kuchechemea kidogo alikokuficha kwa kutembea haraka, akarudi kurusha mizigo. Tulikutana mara chache, hotelini, katika misiba ya wengine. Hatukuwahi kurudia lile swali lake, na kila mara alipoinua kikombe nilihisi limekaa kati yetu kama mgeni ambaye hajaagiza kitu. Mimi nikawa mwandishi wa makala, yaani niliendelea kueleza kwamba inategemea tunakuelewaje.

Wiki iliyopita nilimpigia Ekidor tena. Nilitaka kumsimulia mazishi, au pengine nilitaka tu kumsikia mtu aliyekuwepo. Palikuwa na kelele za nyundo kwenye mabati.

“Unajenga?”

“Nimehama.”

“Umehama wapi?”

“Kibanda. Iko ng'ambo ya barabara sasa. Wateja bado wananitafuta upande ile ya zamani.”

Nilimwuliza kwa nini, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua. Kapteni hakufia kwako, nikamwambia. Alifia mbali, mahali ambapo hujawahi kufika.

“Kapteni aliuliza,” Ekidor akasema. “Siku ile, na chapati.”

“Alimwuliza Injinia.”

“Injinia alijibu?”

“Hapana.”

“Alikuuliza wewe. Wewe ulijibu?”

Nyundo ikaendelea. Akaniambia ana kazi, jua linakuwa kali, akakata.

Meza yangu ya kuandikia imekaa chini ya dirisha moja tangu niliponunua nyumba hii. Kuna alama nne za miguu yake kwenye zulia. Jana asubuhi niliondoa vitabu juu yake, kimoja kimoja, nikaiburuta hadi upande wa pili wa chumba, ambako hakuna mwanga wa maana na kiti kinagonga mlango ukifunguliwa. Hapo ndipo nilipoandika haya. Mke wangu amejaribu kuingia, mlango ukakwama, akachungulia kwenye upenyo akauliza meza inafanya nini huku.

Nimemwambia tumehama.